Triumph Bonneville ya Zamani Inayouzwa: Kusoma Dalili za Ubovu Kabla ya Kulipa

Mwongozo huu ni wa mtu anayekusudia kununua Triumph Bonneville ya zamani, ama akiwa Uingereza yeye mwenyewe, ama kupitia kwa ndugu aliye huko ambaye atakwenda kuikagua kwa niaba yake. Inayozungumziwa ni T120 yenye ujazo wa sentimita 649, iliyotengenezwa Meriden karibu na Coventry kuanzia msimu wa 1959 hadi katikati ya miaka ya 1970, na pale inapobidi T140 iliyoifuata kuanzia 1973. Matangazo ya mauzo huchanganya wanunuzi, kwa sababu kampuni mpya ya Triumph yenye kiwanda Hinckley ililirejesha jina la Bonneville mwaka 2001 na jina la T120 mwaka 2016. Hizo ni pikipiki nyingine kabisa, na hakuna lolote katika mwongozo huu linalozihusu.

Karibu kila dalili inayoonekana kwenye Bonneville ya zamani ina chanzo cha bei rahisi na chanzo cha bei ghali, na muuzaji, hata akiwa mkweli, atakutajia kile cha bei rahisi. Kazi ya mkaguzi ni kuvitenganisha viwili hivyo kabla fedha hazijatoka mfukoni. Yote yanayoelezwa hapa yanaweza kufanywa uani kwa muuzaji, kwa tochi, kitambaa safi, kipande cha kadibodi na spana ya plagi, bila kufungua injini.

Injini imeshapata moto kabla hujafika

Mwombe muuzaji asiiwashe pikipiki siku hiyo mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda kabla hata ya salamu kuisha. Ikiwa ina joto, huenda ametaka tu kukuepusha na usumbufu wa kupiga kiki mara nyingi. Huenda pia ameondoa ushahidi wote unaoelezwa katika sehemu inayofuata. Kaa, ongea, kunywa chai, subiri ipoe kabisa. Asiyekuwa na nafasi ya kusubiri, bora apange siku nyingine.

Moshi mwingi wa buluu inapowaka

Hii ndiyo dalili inayowatia hofu wanunuzi wengi, na mara nyingi hofu hiyo si ya lazima. Injini ya Bonneville haihifadhi oili yake chini ya krenki kama pikipiki nyingi tulizozizoea. Oili, takriban lita 3, hukaa kwenye tanki lake lililo upande wa kulia chini ya kiti, na kuanzia 1971 ilihamishiwa ndani ya bomba kubwa la chasisi yenyewe. Pampu ya pistoni mbili huivuta oili kutoka kwenye tanki na kuisukuma kwenye krenki, kisha upande wa pili wa pampu hiyo hiyo huinyonya ile iliyodondoka chini na kuirudisha kwenye tanki. Ndani ya pampu mna vigololi vidogo vyenye springi vinavyozuia oili isipite injini ikiwa imezimwa. Kigololi kikichakaa, au kikishikwa na chembe ya uchafu, oili huteremka yenyewe polepole, na pikipiki iliyosimama kwa wiki kadhaa hukutwa tanki lake likiwa karibu tupu, huku oili yote imejaa kwenye kasha la krenki. Ukiiwasha katika hali hiyo, itafukiza kama tanuri la mkaa.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kiki, fungua kifuniko cha tanki la oili na uangalie kiwango chake. Ukilikuta tupu, usimruhusu muuzaji aongeze oili, maana ile iliyo chini ikirudishwa itafurika na kumwagika kwenye gurudumu la nyuma, jambo ambalo linaweza kukuangusha katika kona ya kwanza. Mweleze afungue kizibo kilicho chini ya injini, aikinge oili iliyojaa humo, kisha airudishe kwenye tanki baada ya kuichuja.

Injini ikishawaka, liache tanki likiwa wazi na umulike ndani kwa tochi. Kwenye bomba dogo la kurudishia utaona oili ikitoka kwa kishindo kidogo kidogo, imechanganyika na mapovu ya hewa, ikirushwa na kukatika, ikirushwa na kukatika. Huo ndio mwenendo wake wa kawaida. Ikiwa dakika moja imepita na hakuna kinachorudi, zima injini mara moja. Upande wa pampu unaonyonya haufanyi kazi, na moshi hautakoma kwa sababu oili inazidi kujazana chini. Chanzo kinaweza kuwa kigololi kilichokwama, ambacho husafishwa kwa muda mfupi baada ya kufungua kifuniko cha upande wa kulia wa injini, au pampu iliyochakaa, ambayo pia si ghali ikilinganishwa na yale yatakayotajwa baadaye.

Moshi ukipungua na kuisha baada ya dakika chache, basi ulikuwa ni ule wa oili iliyoteremka, na pikipiki haina hatia kubwa. Usipoisha, tazama unatoka lini na unatoka upande gani. Moshi unaozidi kadiri unavyovuta mafuta, kwenye mabomba yote mawili, kwa kawaida ni ringi za pistoni zilizochoka au silinda zilizolika. Moshi unaoonekana pale unapoachia mafuta baada ya kwenda kasi, hasa kwenye mteremko, huashiria kuchakaa kwa gaidi za valvu (yaani valve guides, vijibomba vinavyoshika mashina ya valvu), kwa sababu mvutano ndani ya silinda huwa mkubwa wakati huo na hunyonya oili kupitia pembeni mwa shina la valvu. Moshi wa bomba moja tu unakuonyesha silinda ya kuichunguza: toa plagi zote mbili uzilinganishe, na iliyoloa oili nyeusi itajitaja yenyewe.

Baadhi ya wamiliki hutatua tatizo la oili kuteremka kwa kufunga koki kwenye mpira unaotoka kwenye tanki, wakaifunga kila wanapoegesha. Ukiiona koki hiyo, fahamu kwamba siku moja mtu anaweza kuiwasha injini bila kuifungua, na injini isiyopata oili haidumu. Muulize muuzaji kama kuna swichi inayozuia moto wa plagi koki ikiwa imefungwa. Kama haipo, na ukaona uso wake umebadilika kwa swali hilo, endelea kwa uangalifu zaidi.

Oili inavuja

Utaambiwa kwamba pikipiki zote za Kiingereza za zama hizo huvuja, na kwamba isiyovuja ni ile iliyoishiwa oili. Ni utani mzuri, lakini haufai kuwa kigezo cha kukubali kila tone. Bonneville iliyofungwa na fundi makini inaweza kuegeshwa juu ya kadibodi usiku kucha ikaacha doa moja au lisiwepo kabisa.

Mahali pa kuangalia kwanza ni kwenye mirija miwili iliyosimama wima mbele na nyuma ya silinda, ambamo pushirodi, yaani fimbo zinazosukuma roka ili valvu zifunguke, hupita. Mirija hiyo hukaa juu ya sili za mpira ambazo hukauka, na oili hutiririka kwenye mapezi ya silinda. Sili zenyewe ni za bei ndogo, ila kuzibadilisha kunahitaji kuondoa silinda hedi. Kwenye masanduku ya roka, uvujaji ni wa gasketi na hauna maana kubwa. Ukiikuta oili nyuma ya sprokoti ndogo, sili ya giaboksi ndiyo iliyochoka.

Hali inayopaswa kukushtua ni oili inayotoka kila mahali kwa wakati mmoja, katika maungio ambayo yanaonekana yamefungwa vizuri kwa gasketi mpya. Pistoni mbili za injini hii hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kila zinaposhuka husukuma hewa nyingi chini, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Katika pikipiki za kuanzia 1970 hutokea kupitia kasha la cheni ya klachi, kisha kwenye mpira unaoelekea nyuma. Mpira huo ukiwa umezibwa au umekunjwa, tiba yake haigharimu kitu. Ukiwa wazi, na ukiweka kiganja mwishoni mwake ukahisi hewa ya moto yenye oili ikisukumwa kwa nguvu, basi gesi ya mlipuko inapita pembeni mwa ringi na kuteremka chini. Gasketi mpya zilizopachikwa juu ya hali hiyo zimewekwa kwa ajili ya siku ya mauzo tu.

Sauti ya kugonga

Injini hii ina kelele zake za asili, na mtu aliyezoea pikipiki za Kijapani anaweza kudhani inakaribia kuvunjika. Mlio mwepesi wa haraka unaotoka juu, kama wa cherehani, ni wa tapeti. Katika T120 nafasi yake ni milimita 0.05 kwa valvu za kuingizia na 0.10 kwa za kutolea, hupimwa injini ikiwa baridi, na kurekebishwa kwake ni kazi ya nusu saa. Mlio wa kugonga unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto ni wa pistoni inayocheza ndani ya silinda. Unavumilika kwa muda, lakini ingiza gharama ya silinda katika hesabu yako.

Mlio mzito unaotoka chini, unaoongezeka unapoipa injini mzigo kwenye mlima na kupungua unapoachia mafuta, ni wa beringi za konrodi. Hapa ndipo gharama zinapoanza kuwa kubwa, na chanzo chake katika Bonneville kinajulikana sana. Injini haina chujio la karatasi kama zilivyo za kisasa. Ina wavu tu, ambao huzuia vipande vikubwa na kuachia vumbi la chuma lipite. Waundaji waliweka bomba ndani ya krenki yenyewe, ambamo uchafu husukumwa ukutani kwa mzunguko na kuganda humo kama lami. Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka bomba lijae. Likishajaa, tundu linalopeleka oili kwenye beringi huziba, na beringi hukaushwa. Kulisafisha bomba hilo kunahitaji injini ishushwe na kufunguliwa yote hadi krenki, na ndiyo maana wengi walioipaka pikipiki rangi na kuing'arisha krome hawakulifikia.

Kwa sababu hiyo, swali moja lina uzito kuliko mengine yote unayoweza kumuuliza muuzaji kuhusu injini: lini bomba la uchafu ndani ya krenki lilisafishwa, na nani alilisafisha? Aliyeifanya kazi hiyo, au aliyelipia ifanywe, huwa na risiti au picha na hufurahi kuulizwa. Jibu la kwamba injini ilifanyiwa ukarabati kamili, lisilo na karatasi yoyote, lichukulie kuwa ni hapana, ukapunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo.

Haiwaki, au inamisi

Anza na betri, na uwe mwangalifu sana, kwa sababu Bonneville za Meriden za wakati huo zimeunganishwa chanya kwenye chasisi. Mtu aliyezoea hasi kwenda kwenye chasisi akabadilisha betri bila kutazama, huweza kuwa ameunguza kifaa cha kugeuza umeme wa alteneta, na baada ya hapo betri haichaji. Mfumo wa volti 12 ulianza msimu wa 1966, pamoja na diodi ya Zener inayochoma umeme wa ziada. Betri inayochemka na kukauka maji mara kwa mara inaonyesha kwamba diodi hiyo haijaungana vizuri na chasisi, mara nyingi kwa sababu ya rangi au kutu chini ya bolti yake.

Ikiwa injini inawaka lakini inatikisika na haina nguvu, huenda inatumia silinda moja. Chovya kidole kwenye maji, dondoshea tone kwenye kila bomba la moshi karibu na silinda, sekunde chache baada ya kuwaka. Bomba ambalo maji yake hayachemki ndilo la silinda iliyolala. Katika injini za tangu 1963 kila silinda ina pointi zake (swichi ndogo zinazoamua lini plagi itoe cheche), kondensa yake na koili yake, kwa hiyo ubovu wa upande mmoja haufichiki: badilishanisha plagi kwanza, kisha koili, na uone kama ubovu unahama pamoja na kilichohamishwa. Nafasi ya pointi ni milimita 0.38. Injini ambayo mzunguko wake hukataa kushuka unapoachia mafuta inaweza kuwa na springi dhaifu kwenye kifaa cha kuwahisha moto kilicho nyuma ya pointi, au hewa inapenya kwenye kabureta.

Wengi wameziondoa pointi na kuweka mfumo wa kielektroniki. Ni mabadiliko ya busara kwa mwendeshaji, ila baadhi ya mifumo hiyo haipendi betri dhaifu, na dalili yake ni kumisi ovyo unapowasha taa. Mkusanyaji aulize kama pointi za asili zipo kwenye boksi.

Kabureta mbili za Amal, za aina ya Monobloc hadi msimu wa 1967 na za Concentric baadaye, zina maradhi mawili makubwa. La kwanza ni kulika: kipande kinachopanda na kushuka ndani yake kimetengenezwa kwa aloi laini sawa na mwili wenyewe, na vyote viwili hulika pamoja, hewa ikapenya pembeni, na mzunguko wa chini ukakosa utulivu. Ondoa kifuniko cha juu, shika kipande hicho, kitikise. Kikicheza kwa kugongagonga, kabureta imekwisha. La pili ni kupinda kwa uso unaokaa kwenye silinda hedi, kutokana na nati zilizokazwa kupita kiasi. Kwa pikipiki iliyosimama Uingereza tangu Septemba 2021, kumbuka pia kwamba petroli ya kawaida huko sasa ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha mipira ya zamani na inaweza kuyeyusha rangi ya kuzuia kutu iliyomiminwa ndani ya tanki. Ukiona utando unaonata kwenye chujio la koki ya petroli, tanki litahitaji kusafishwa lote.

Klachi na gia

Pikipiki iliyokaa muda mrefu huwa na sahani za klachi zilizogandana. Shika klachi, piga kiki mara kadhaa kabla ya kuwasha, na zitaachana. Mlio wa kusaga wakati wa kuingiza gia ya kwanza asubuhi ni wa hilo hilo. Gia inayochomoka yenyewe unapovuta mafuta ni jambo zito zaidi na inadai giaboksi ifunguliwe. Ukiijaribu barabarani, usisahau kwamba katika T120 gia hubadilishwa kwa mguu wa kulia na breki ya nyuma hukanyagwa kwa wa kushoto. Miguu yetu huhitaji muda kuzoea, na msongamano wa magari si mahali pa kujifunzia.

Vichwa vya bolti vimelika

Bolti za pikipiki hizi ni za vipimo vya Kiingereza, na mchanganyiko wake hubadilika kulingana na mwaka. Vichwa vilivyokatika pembe kwenye kifuniko cha injini huonyesha mkono wa fundi aliyetumia spana za milimita. Si ubovu wenyewe, lakini chukulia kwamba kazi ambayo huioni ndani imefanywa na mkono huo huo. Anayepanga kuileta pikipiki Mombasa au Dar es Salaam anunue seti ya spana sahihi huko huko, kwa kuwa fundi wa mtaani hatakuwa nazo.

Namba hazilingani, au zinatia shaka

Nimeiweka mwisho kwa sababu haihusu mwendo wa pikipiki hata kidogo, ingawa kwa mkusanyaji ndiyo inayoamua kama anachonunua ni Bonneville. Tangu 1963, injini na giaboksi zilipounganishwa kuwa kitu kimoja, kiwanda kiligonga namba moja kwenye injini na kwenye chasisi. Ya injini iko upande wa kushoto, kwenye jukwaa dogo chini ya silinda. Ya chasisi iko upande wa kushoto pia, karibu na shingo ya usukani. Mfululizo wa kwanza ulianza na DU101. Kuanzia katika msimu wa 1969 zilitumika herufi mbili, ya kwanza ikiwa ya mwezi na ya pili ya msimu. Kwa mfano, JD ni Agosti ya msimu wa 1970, na kwa kuwa msimu wa kiwanda ulianza Agosti, pikipiki hiyo iliundwa Agosti 1969. Muuzaji anayesema ni ya 1970 na karatasi zinazosema 1969 wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

Udanganyifu wa kawaida hufanywa kwa kutumia TR6, ndugu yake Bonneville mwenye kabureta moja. Sehemu ya chini ya injini ni ile ile, hivyo mtu akifunga silinda hedi ya kabureta mbili na kugonga upya T120 mahali palipokuwa na TR6, bei hupanda. Kwenye injini za tangu 1969 jukwaa la namba limejaa nembo ndogo za Triumph zilizochomoza, na namba imegongwa juu yake. Nembo zikiwa zimefutika chini ya namba huku zikionekana pembeni, pamepita msasa. Kwa za kabla ya hapo, pitisha ukucha juu ya jukwaa na ulimulike kwa tochi kutoka ubavuni; tafuta mikwaruzo ya tupa, herufi zilizopinda, au uso ulioshuka chini kuliko kingo zake.

Ukiwa na shaka, Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza inatunza rekodi za kiwanda cha Triumph na inaweza kuthibitisha, kwa ada, pikipiki yenye namba hiyo iliondoka kiwandani ikiwa ya aina gani na ikapelekwa wapi. Kuhusu V5C, hati ya usajili ya Uingereza, kumbuka kwamba humtaja mtunzaji aliyesajiliwa na haithibitishi umiliki; dai pia risiti ya mauzo yaliyotangulia. Pikipiki za zaidi ya miaka 40 huko husamehewa ukaguzi wa kila mwaka, kwa hiyo kukosa cheti cha ukaguzi si kosa la muuzaji, lakini ina maana kwamba huenda hakuna mtu mwingine aliyezitazama breki na tairi hizo kwa miaka mingi. Tazama tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa ubavuni mwa tairi, na kama haipo, hesabu bei ya tairi mbili mpya kabla ya kutaja bei yako.